Terminal (2018): steringi ni mwanamke, sasa mbona stori yake imefichwa mpaka dakika za mwisho?

Mzee wa Rimoti (mleta uzi)

Habari za jioni, wadau wa filamu.

Muvi yenyewe si mpya, na wengi wenu mliiruka kwa sababu wahakiki waliichana sana kipindi kile ilipotoka. Mimi nimeitafuta kwa sababu moja: nilitaka filamu ya majambazi wa Kiingereza ambayo steringi ni mwanamke. Hebu jaribuni kuzitaja muone zilivyo chache. Tangu Lock, Stock and Two Smoking Barrels itoke 1998, ladha imekuwa ileile: wanaume wenye makoti, matusi ya mitaa ya London, deni la kamari, bunduki mbili za kale ambazo kila mtu anazitaka. Mwanamke akionekana ni mke wa bosi, au anacheza klabuni, au kalala mochwari.

Terminal imeandikwa na kuongozwa na Vaughn Stein, filamu yake ndefu ya kwanza. Annie ni Margot Robbie, na kampuni yake ya LuckyChap imo kwenye utayarishaji, kwa hiyo si mtu aliyeitwa akacheza, akalipwa, akaenda zake. Wengine ni Simon Pegg (Bill, mwalimu wa Kiingereza mwenye ugonjwa usiopona), Dexter Fletcher na Max Irons (Vince na Alfred, wauaji wa kukodiwa), na Mike Myers yule wa vichekesho, ambaye humu ni mzee wa zamu ya usiku kwenye kituo cha treni, anachechemea na kazi yake ya usafi. Wamepiga picha Budapest, ila mji wenyewe ndani ya filamu hauna jina. Ni usiku mtupu, taa za neoni, kituo kisicho na abiria, na mgahawa mmoja unaokesha uitwao End of the Line.

Mwanzoni tu Annie yuko kwenye kibanda cha kuungamia kanisani. Upande wa pili kuna sauti ya mtu anayeitwa Mr Franklyn, ambaye ndiye anayegawa kazi zote za kuua mjini na hakuna anayemjua sura. Annie anataka kazi zote hizo ziwe zake peke yake, na anaahidi kuthibitisha uwezo wake kwa kuwamaliza wauaji wengine ambao bwana huyo anawatumia. Nikasema leo nimepata! Mwanamke kaingia, kataja anachotaka, kaondoka.

Baada ya hapo filamu inawarudia wanaume. Tunakaa na Vince na Alfred chumbani wakisubiri maagizo na kutukanana. Tunakaa na Bill akijadili njia nzuri ya kufa. Annie yupo kila mahali, anahudumia meza, anatabasamu, anavuta sigara, anabadilisha nguo, lakini anachokiwaza hatuambiwi. Kisha mwishoni kabisa tunamwagiwa yote kwa mkupuo, akimweleza mtu ambaye kashafungwa hawezi hata kujikuna.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Robbie kaibeba filamu nzima mgongoni, lakini mwandishi kamnyima stori. Anacheza kama steringi, kaandikwa kama fumbo. Karibuni, matusi hapana.

NB: Kuanzia hapa watu watamwaga mtama. Ambaye hajaona na anataka kuona aishie hapa.

Dogo Sembe

Weka link mkuu.

Bibi Sinema

Mleta uzi, kwa heshima zote, nakupinga mapema kabisa.

Chukua kile kipande cha mgahawani ukiwa umeshajua mwisho. Bill kaja kituoni na mpango wa kujiua. Mzee wa usafi anamwambia treni bado sana, akapoteze muda kule mgahawani. Anaingia, Annie anamhudumia, maongezi yanaanza. Bill anaona msichana mchangamfu mwenye ulimi mkali, mtu wa kumfariji usiku wake wa mwisho. Anafunguka. Anasimulia ualimu wake, upweke wake, ugonjwa wake. Na mbele yake kasimama mtoto ambaye Bill mwenyewe alimfundisha zamani na kumfanyia unyama, sasa kakua, na wala hamtambui.

Robbie pale anacheza mambo mawili kwa mpigo. Anapomuuliza angependa kufa vipi, Bill anadhani ni utani wa usiku wa manane. Yeye anachukua oda.

Sasa angeelezwa mapema tungebaki na muvi ya kisasi ya kawaida, ile ya kumsubiri adui apigwe. Kufichwa kwake ndiyo silaha yake. Wanaume wote mle ndani wanakwisha kwa sababu hakuna hata mmoja aliyejisumbua kumuuliza yeye ni nani.

Mzee wa Rimoti

Bibi Sinema, shikamoo. Kipande cha mgahawani nakupa, ndicho kizuri kuliko vyote. Lakini umesema mwenyewe: ukiwa umeshajua mwisho. Filamu inayodai uirudie ndipo inoge inamkopa mtazamaji, na wengi hawarudi kudai. Mtu anayeiona kwa mara ya kwanza anachokiona pale ni mhudumu mrembo anayeongea kwa mafumbo na mgonjwa anayeongea sana.

Halafu kumficha kwa Bill ni jambo moja, kumficha kwetu sisi ni jambo lingine. Wangetuonjesha sisi mapema, Bill akabaki gizani, kila kikombe kinachowekwa mezani kingetutoa jasho.

Bin Likoni

Ndugu zangu mwagombana bure. Muvi kama hii haiendewi stori, yaendewa macho. Mimi kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na nawaambia kweli, kupiga usiku kwa taa za rangi bila uso wa mtu kugeuka wa maiti si mchezo. Mpiga picha wao ni Christopher Ross, na huyo jamaa aijua kazi yake. Robbie apigwa taa kali za rangi na bado macho yake wayaona yanafikiria nini. Budapest nayo imewafaa, maana majengo yale ya zamani yana kimo, ukiyatia taa kidogo tu mji mzima waonekana una siri.

Kasoro yangu ni moja. Hakuna pa kupumzisha jicho. Kila picha yataka isifiwe. Ukila biriani asubuhi, mchana na usiku, siku ya pili waitamani chai na mkate mkavu. Walitakiwa watupe hata kipande kimoja cha mchana, mtu apita na mfuko wa viazi, tujue kwamba kuna maisha ya kawaida nje ya huo usiku wao.

Mwalimu wa Jukwaa

Naomba nimtetee Vince na Alfred kidogo, halafu niwashitaki.

Wale wawili wana babu yao. Harold Pinter aliandika mwaka 1957 tamthilia ya onyesho moja, The Dumb Waiter. Wauaji wawili, Ben na Gus, wako chumba cha chini ya ardhi Birmingham wakisubiri kuambiwa nani wa kuuawa. Mkubwa anasoma gazeti, mdogo anauliza maswali mengi kuliko inavyotakiwa. Mara kilifti kidogo cha kupandishia chakula kinaanza kushuka na vikaratasi vya oda, na wao hata hela ya kutia kwenye mita ya gesi wachemshe chai hawana. Wanabishana mambo ya chai, lakini wewe uliyekaa kwenye kiti unaanza kuogopa, kwa sababu hujui aliye juu ni nani na anataka nini.

Stein kaichukua hali ileile: mkubwa mwenye dharau, mdogo anayenyanyaswa, bosi asiyeonekana. Fletcher apewe maua yake, dharau anayommiminia Alfred inauma hata wewe uliye kwenye kochi. Hiyo ndiyo inayomrahisishia Annie kazi. Hakuhitaji kumshawishi sana yule kijana ampige risasi mwenzake, Vince alishamaliza nusu ya kazi mwenyewe.

Sasa mashitaka. Pinter aliwafungia mlango na hakutoka nao mpaka mwisho. Stein kila woga unapoanza kupanda anakata, anakwenda kwa Bill, anaruka nyuma kwenye muda, anarudi, na tukirudi chumbani woga umeshapoa. Muvi haifiki hata masaa mawili lakini inachosha kama vile ni ndefu, na sababu ni hiyo ya kukatakata.

Kilaza Fulani

Mwalimu umetisha. Mimi niliona majitu mawili yanabishana chumbani nikapeleka mbele.

Mpemba wa Kusini

Assalaam alaykum. Nipo London, upande wa kusini wa mto. Huku watu wazima wanaiangalia hii kwa sababu ya sura za zamani. Fletcher na Nick Moran wote walikuwa kati ya wale vijana wanne wa Lock, Stock, na Moran humu pia katokea. Na mwaka huohuo wa 2018 Mike Myers alionekana kwenye Bohemian Rhapsody, filamu ambayo aliyeimalizia kuiongoza baada ya mwongozaji wa kwanza kufukuzwa ni huyuhuyu Dexter Fletcher. Dunia yao ndogo sana hawa.

Lakini linaloniudhi mimi ni jingine. Waingereza wanatunga majambazi wa kike wa neoni wakati wanao wa kweli kwenye historia yao. Hapa jirani, Elephant and Castle, kulikuwa na genge la wanawake watupu, Forty Elephants. Kazi yao kuiba kwenye maduka makubwa ya West End. Makoti, sketi na hata nguo za ndani zilishonewa mifuko ya siri. Mtu anaingia dukani mwembamba, anatoka kanenepa, amebeba mwilini vitambaa vya hariri na manyoya, na zama hizo muuza duka mwanaume angeanzia wapi kumpapasa mwanamke aliyevaa vizuri vile? Mwanzoni malkia wao alikuwa Mary Carr. Baadaye akaja Alice Diamond, mzaliwa wa 1896, wakimwita Diamond Annie kwa pete za almasi alizojaza vidoleni, ambazo akikunja ngumi zilikuwa na matumizi mengine. Alifungwa 1926 kwa fujo waliyofanya nyumbani kwa watu kule Lambeth.

Mwanamke huyo ana kila kitu ambacho Annie wa Terminal hana: mtaa, wenzake, biashara inayoeleweka, polisi wanaomjua kwa jina. Wamechelewa sana kumgundua. Mary Carr sasa yumo kwenye A Thousand Blows ya 2025, kachezwa na Erin Doherty, na ukiangalia dakika chache tu unajua anakula nini, anamwogopa nani na anamlisha nani.

Dogo Sembe

Mpemba hiyo ya mwisho nayo weka link.

Shangazi Mkavu

Mpemba kanipa njia, acha nipite.

Mleta uzi anatafuta mwanamke jambazi ambaye stori ni yake kweli. Aangalie Widows, ya 2018 pia, ya Steve McQueen. Kabla hamjanirukia kwamba ile ni Chicago: mzizi wake ni London. Lynda La Plante aliiandika kama tamthilia ya ITV ya Uingereza mwaka 1983, vipindi 6, Dolly Rawlins akichezwa na Ann Mitchell. McQueen aliiona akiwa kijana London, akakua nayo kichwani, akaja kuihamishia Marekani.

Tazameni inavyoanza. Veronica (Viola Davis) na mumewe Harry (Liam Neeson) wako kitandani wanabusiana. Kata. Harry na wenzake kwenye gari wanakimbizwa, mlango wa nyuma unaning'inia, risasi. Kata, kitandani. Kata, gari linalipuka. Dakika chache tu na tunajua kilichopotea. Halafu anakuja Jamal Manning, anayegombea udiwani, ambaye Harry alimwibia dola milioni 2. Anaingia nyumbani kwa mjane, anaongea polepole kwa adabu, huku kamshika yule mbwa mdogo mweupe wa Veronica kwa ngozi ya shingo. Anampa mwezi mmoja. Mbwa hajapigwa, Veronica hajapigwa, na mimi nilisimama nikaenda kuwasha taa ya sebuleni.

Sasa linganisha na Annie wa kwenye kibanda cha kuungamia. Annie anasema anataka kazi. Kwa nini? Tulia utaambiwa. Veronica anataka kuiba kwa sababu asipoiba atauawa. Ukishajua hivyo, hata akikaa kimya kwenye kiti unamwangalia.

Na mtu asiniambie mitindo inahitaji stori ifichwe. Kwenye Widows kuna kipande Colin Farrell, mgombea mwingine wa udiwani, anatoka kwenye hafla ya kampeni mtaa wa watu duni na kurudi kwake. Kamera haiingii ndani ya gari. Imefungwa nje, mbele. Hatumwoni yeye wala msaidizi wake, tunasikia tu sauti yake akilalamika na kumwaga ubaguzi wake, huku nyuma ya gari nyumba zilizochoka zinabadilika kuwa miti na majumba ya kitajiri, bila kukatwa, mwendo wa dakika chache. Huo ni mtindo pia. Lakini unakwambia huyo mgombea anakaa mbali kiasi gani na watu wake, kwa kuwa umeona njia yote.

Nisisahau: Daniel Kaluuya humo ndani ni shetani mtulivu. Mzaliwa wa London, wazazi wake Waganda. Ndugu zetu wa Kampala wana haki ya kutamba.

Kilaza Fulani

Shangazi, ile ni muvi ya wizi wa mara moja, majambazi hasa ni waume zao. Halafu mwongozaji ni mtu aliyeshachukua Oscar ya filamu bora kwa 12 Years a Slave. Unamlinganisha na jamaa wa filamu ya kwanza? Hiyo haijakaa sawa.

Shangazi Mkavu

Filamu ya kwanza haikatazi mtu kuandika mhusika. Kalamu haina bajeti.

Mama Mapacha wa Kwanza

Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri mtu aguse suala la mapacha, maana jina langu linajieleza. Mwisho tunaambiwa Annie si mmoja, kuna Annie na Bonnie, pacha wake, na ndiyo maana alikuwa anaonekana kila mahali. Hiyo kwangu ni njia ya mkato. Nimelea mapacha wa kufanana. Ukiwa nao dakika tano tu unajua nani ni nani: huyu anajibu kabla hujamaliza swali, yule anatazama kwanza pembeni. Robbie na Stein walikuwa na nafasi ya dhahabu ya kutupandia dalili. Mmoja angeshika sigara mkono wa kushoto, basi! Lakini mapacha hawa hata ukiwabadilishana hakuna kinachoharibika.

Na jambo la pili, zito zaidi. Ule unyama wa Bill kwa watoto umewekwa mwishoni kama ufunguo wa kufungulia kasha. Tumekaa na Pegg filamu nzima tukimhurumia, ana maneno matamu, anakohoa, maskini. Kisha kwa maneno machache tunaambiwa alikuwa nani, na anaishia shimoni. Hatupewi hata nafasi ya kukaa na hasira. Jambo kama hilo halifai kutumiwa kwa ajili ya kushangaza watu tu.

Bibi Sinema

Mama Mapacha, la pili ndilo lililonigusa, ila nimelisoma kinyume na wewe. Watu wa aina ya Bill mtaani kwetu ndivyo walivyo. Wana maneno matamu, wanapendwa na wazazi, wanakaribishwa chai. Kumpa kazi hiyo Simon Pegg, ambaye dunia nzima inampenda kwa kuchekesha, ni uamuzi wa makusudi. Sisi watazamaji tumemkaribisha chai filamu nzima. Aibu ile iliyonipata mwisho sitaki kuiita ujanja wa bei rahisi.

La mapacha sina utetezi.

Mzee wa Rimoti

Mama Mapacha umenimalizia uzi. Nilikuwa natafuta namna ya kusema hicho kitu tangu mwanzo.

Twende taratibu. Kama kuna wanawake wawili, kila kipande tulichokiona kina mwenyewe. Aliyekaa na Bill ni nani? Aliyemchezea akili Alfred ni nani? Walipogawana kazi, nani alichagua kukaa na mwalimu, na kwa nini huyo? Mmoja huenda aliogopa. Mmoja huenda hakutaka tena. Hiyo ndiyo stori! Dada wawili waliopoteza mama yao Chloe kwa moto, wamekua na kisasi kimoja, wanagawana wanaume wa kuua. Mimi ningeangalia hiyo hata kama imepigwa kwenye chumba cheupe kisicho na taa moja ya rangi.

Lakini filamu haijali. Haiulizi. Ukweli kwamba unaweza kuwabadilishana bila kitu kuharibika unaonyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyeandikwa. Kuna umbo, midomo myekundu, na sauti.

Na yule mzee wa usafi kugeuka kuwa Mr Franklyn mwenyewe, tena baba yao mzazi, tuseme ukweli: nani hakujua? Humleti Mike Myers kushika fagio bila sababu.

Mwalimu wa Jukwaa

Hapo kwenye baba nakuunga mkono. Filamu imepambwa na vionjo vya Alice in Wonderland, ile hadithi ya Lewis Carroll ya mtoto anayemfuata sungura mweupe shimoni, lakini Alice wa 1865 anauliza maswali kila ukurasa, anakasirika, analia, anachoka na upuuzi wa wenyeji. Hawa wamechukua sungura na shimo, mtoto wakamwacha.

Bin Likoni

Mwalimu, mimi hilo shimo nimelipenda lakini.

Mkia wa Mbuzi

Mbona hamumtaji Susie Glass? The Gentlemen ya Netflix, 2024, vipindi 8, Kaya Scodelario. Baba yake (Ray Winstone) yuko jela ya kifahari anajipikia nyama, na yeye ndiye anayeendesha biashara ya bangi iliyofichwa chini ya mashamba ya makabaila. Hapandishi sauti. Anaingia ofisini, anavua miwani, anauliza hasara ni shilingi ngapi. Theo James ndiye anayeitwa steringi lakini kila akiingia Susie jamaa anakuwa mtoto wa shule. Nampenda kwa sababu ana kazi. Anachelewa vikao, anakasirikia wafanyakazi, anamlinda mdogo wake bondia mpumbavu. Annie kazi yake ni kuvaa.

Mpemba wa Kusini

Mkia wa Mbuzi, kweli, ila vipindi vinane na filamu moja ya dakika tisini na ushee havifanani. Susie kapewa muda.

Mkia wa Mbuzi

Shangazi kashasema, Veronica alihitaji dakika chache na mbwa.

Dogo Sembe

Nimeipata kwa jamaa mmoja wa kuchoma muvi. Anasema haijatafsiriwa. Eti watafsiri hawaitaki kwa sababu watu wanaongea tu, ngumi hamna.

Kilaza Fulani

Hapo watafsiri wana akili kuliko Rotten Tomatoes, ile tovuti ya wahakiki.

Shangazi Mkavu

Kitu cha mwisho kutoka kwangu, kisha nikalale. Nimegundua kwamba LuckyChap walikuja kuifanya upya hii stori bila kusema. Promising Young Woman, 2020, ya Emerald Fennell, Mwingereza, ambaye alichukua Oscar ya uandishi 2021. Si ya majambazi, lakini angalieni mifupa yake. Mwanamke (Carey Mulligan) aliyeacha masomo ya udaktari anahudumia kwenye duka la kahawa. Usiku anakwenda klabu, anajifanya kalewa hajiwezi, anasubiri mwanaume "mwema" ampeleke nyumbani. Mwanaume akianza mambo yake, anafungua macho na kuuliza kwa sauti kavu isiyo na pombe hata tone: unafanya nini?

Mhudumu asiye na madhara, wanaume wanaojifunua wenyewe, kisasi cha unyama wa zamani. Yote yamo kwenye Terminal. Tofauti ni kwamba Fennell anatuingiza kwenye njama tangu kipande cha kwanza. Tunajua kabla ya wanaume kujua, na kila anayemkaribia tunakaa roho juu. Rangi zipo pia, waridi na samawati za peremende, wala hazijazuia chochote. Kwa hiyo Mzee wa Rimoti, jibu lako ni kwamba kampuni yenyewe ilishakubaliana na wewe miaka miwili baadaye.

Mzee wa Rimoti

Shangazi, hiyo nilishaiona na sikuwahi kuiunganisha. Heshima.

Bibi Sinema

Mnafurahi mapema. Cassie wa Promising Young Woman kaandikwa vizuri kuliko Annie, sibishi. Ana wazazi wanaomsikitikia, ana rafiki aliyempoteza, najua analala saa ngapi. Namhurumia mwanzo mpaka mwisho. Annie simhurumii hata kidogo. Namwogopa. Pale mwishoni wanapomfunga baba yao na kuanza kumshughulikia kichwa, huku wanacheka kama wanaandaa sikukuu, nilijifunika shuka. Na mimi nikilipia muvi ya majambazi, nataka kuogopa.